Hapana ya Nishiwaki

Ukimuuliza Nishiwaki Kohei kama ni yeye aliyetunga "Kituo cha Mvua", atakujibu kwamba hapana. Amejibu hivyo kwa miaka ishirini, mbele ya waandishi wa magazeti, mbele ya maprofesa, mbele ya wanaume wazima wenye machozi machoni, wala hakuna hata mmoja aliyemwamini. Usiwalaumu hao. Ziko njia mbili za kusema hapana, moja huaminika na nyingine haiaminiki, naye alizijua zote mbili vizuri sana alipochagua ile ya pili.

Alizaliwa Amagasaki mwaka 1961, mtoto wa fundi aliyezunguka mashuleni akitengeneza vinanda. Nyumbani kwao hakukukosekana vinanda vibovu vitatu au vinne, na mtoto alijifunza kupiga kwa kuruka vibonye vilivyokufa. Alifanya mtihani wa kuingia chuo cha muziki mara mbili, akaanguka mara mbili, akaenda kusomea umeme. Alipofika miaka ishirini na minne aliona tangazo: kampuni ya michezo ya video huko Osaka inatafuta mtu anayejua muziki na kompyuta. Kimoja alikijua vizuri, kingine kwa kubahatisha. Kwenye usaili hakusema kipi ni kipi.

Kampuni ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Chumba cha sauti kilikuwa zamani stoo ya mafagio, na harufu ya dawa ya sakafu ilikuwa haijakubali kuhama. Viti vilikuwa viwili tu. Kimoja kilikuwa cha Orihara Mitsue, mhitimu wa piano, aliyemzidi Nishiwaki miaka miwili na mwenye ulimi wa Osaka hasa, usio na breki. Kila siku saa nne asubuhi na saa tisa alasiri Orihara aliacha kazi yake, akaenda kuwamiminia chai wanaume ishirini na wawili wa ghorofa ile kwa kuwa yeye ni mwanamke, kisha akarudi kukaa na kuendelea alipoishia.

"Umesomea wapi muziki, Nishiwaki-san?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Nyumbani. Kwenye vinanda vibovu."

"Afadhali. Hapa pia hatuna kizima."

Na kweli hawakuwa nacho. Mashine za wakati ule zilitoa sauti tatu tu kwa pamoja, na ya nne ya kukoroma, ya kuigizia ngoma. Muziki haukuandikwa kwa noti. Uliandikwa kwa tarakimu, safu baada ya safu, moja kwa moja ndani ya mashine, bila hata kipande cha karatasi. Halafu kulikuwa na wizi. Mchezaji akiruka, mlio wa kuruka ulihitaji sauti ya kupitia, basi ulinyakua mojawapo ya zile tatu, na wimbo ukabaki na pengo mpaka mruko uishe. Watungaji wote wa zama zile waliulaani wizi huo.

Siku moja Bwana Hatanaka, mkuu wao wa idara, alichungulia mlangoni.

"Jamani, majina yenu hayatatokea mwishoni mwa mchezo. Wapinzani wakijua nani anafanya nini, kesho asubuhi watawanyakua. Tafuteni jina la utani. Moja tu, herufi zinakula nafasi."

"Moja la watu wawili, bosi?" Orihara alisema. "Kwani mimi na huyu tumeoana lini?"

"Nitajua mimi? Nyinyi ndio mnaofungiana stoo."

"Haya, tuandike Amagaeru. Chura wa mvua. Si tumewekwa gizani tunalialia?"

Hatanaka alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo kila walichokitunga wawili wale, awe katunga huyu au yule, mwishoni kiliandikwa Amagaeru. Nishiwaki hakuona ubaya wowote. Alikuwa mgeni wa kazi, na kati ya nyimbo tatu nzuri za Amagaeru, mbili na nusu zilikuwa za Orihara.

Mwaka 1987 Orihara alichumbiwa na mkulima wa mapeasi wa Tottori, bwana mmoja Adachi. Alipotangaza ofisini, hakuna aliyeuliza kama ataacha kazi. Waliuliza tarehe. Mwanamke akiolewa aliaga, hivyo ndivyo ilivyokuwa, na wenyewe waliliita jambo la heri. Orihara alicheka nao, akapokea pongezi. Siku ile, ndani ya stoo, alikaa kimya kama maji mtungini kwa saa nzima, jambo ambalo Nishiwaki hakuwahi kuliona, naye hakumuuliza kitu.

Wiki ya mwisho, Nishiwaki alikuwa akihangaika na mchezo wa msichana mwenye mwavuli anayeruka madimbwi akimtafuta kaka yake kwenye vituo vya treni. Msichana huyo haachi kuruka. Kila wimbo uliowekwa pale ulitoboka kama chandarua cha zamani.

"Unagombana na nini hapo?" Orihara aliuliza.

"Na mruko. Mtoto akiruka, sauti ya pili inakufa."

"Iache ife."

"Wimbo si utatoboka?"

"Wewe ukiimba huvuti pumzi? Hebu toka, nipishe hapo."

Alikaa siku mbili akibofya tarakimu, akiamka tu kwenda kumimina chai. Alipomaliza, walimrusha yule msichana juu ya dimbwi. Sauti ya pili ikanyakuliwa kama kawaida, lakini safari hii wimbo haukutoboka. Ulivuta pumzi, ukaendelea. Kadiri msichana alivyoruka, ndivyo wimbo ulivyohema pamoja naye, hata ungedhani unamhurumia. Nywele za mikono zilimsimama Nishiwaki. Aliona furaha, na nyuma yake akaona wivu, akaona haya kwa ule wivu.

"Kasi inaweza kupungua kidogo," alisema, ili aseme kitu.

"Ipunguze basi. Nawe uwe umefanya kazi leo."

Akaipunguza kidogo. Huo ndio mchango wake wote katika "Kituo cha Mvua". Ijumaa ile alasiri Orihara alipewa shada la maua, wanaume ishirini na wawili wakapiga makofi, kisha akakusanya vikombe vyao, akaviosha mwenyewe, akaondoka.

Mchezo ule ulipendwa na watoto, nao watoto hukua. Wale waliokuwa na miaka kumi walifika ishirini na kitu, wakawa na kazi na upweke, na wimbo wa msichana mwenye mwavuli ukawarudia vichwani wakiwa kwenye treni za asubuhi. Wakaanza kuuliza Amagaeru ni nani. Mwaka 1999 mwandishi wa gazeti, Ukai kwa jina, alipiga simu kwenye kampuni, na kampuni ikajibu kwa moyo mweupe kwamba katika idara ya sauti aliyebaki tangu enzi hizo ni Nishiwaki Kohei. Walikutana mkahawani, Hatanaka naye akiwepo, nywele zimekwisha.

"Bwana Nishiwaki, ule wimbo ulioufundisha kuvuta pumzi," Ukai alisema, sauti ikimtetemeka. "Wazo lile ulilitoa wapi?"

"Hapana, hapana," alisema Nishiwaki, akipunga mkono mbele ya pua. "Si mimi. Mimi sikufanya chochote."

Sasa, kwao mtu akisifiwa hukana. Anayeitikia sifa ni mtovu wa adabu, kwa hiyo hapana ya namna ile, yenye tabasamu na kupunga mkono, ndiyo "ndiyo" ya muungwana. Ukai alicheka kwa furaha. Hatanaka akampiga Nishiwaki begani.

"Huyu ndivyo alivyo. Hata mshahara ukimwongezea anakwambia hapana!"

Palikuwa na nafasi pale. Ilibaki kusema, "Orihara Mitsue ndiye," maneno matatu, na kahawa ilikuwa bado ya moto. Nishiwaki alifungua kinywa. Akamwona yule mwandishi anavyomtazama, na hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote tangu azaliwe. Akakinywesha kinywa kile kahawa.

Gazeti lilipotoka, liliandika: *Mtunzi huyu mkubwa ni mnyenyekevu wa kupindukia.*

Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri. Aliacha kampuni, akajitegemea, na kazi zilimjia kwa sababu yeye ndiye Amagaeru. Alitunga muziki wa michezo zaidi ya arobaini, kwa jina lake halisi, kwa mashine zenye sauti mia. Alifanya kazi kwa bidii na kwa uaminifu. Hakuna anayekumbuka hata wimbo mmoja. Hilo lilimuuma kuliko alivyokiri, na kila alipoumia alijikuta akialikwa mahali kuzungumzia "Kituo cha Mvua", akaenda, akasema hapana, hapana, akarudi nyumbani na shada la maua.

Mkewe Fumie aliijua habari yote, kwa kuwa alimweleza wakati wa uchumba, kabla haijawa siri.

"Leo nimewaambia tena si mimi," alisema jioni moja, akivua viatu.

"Umewaambia si wewe. Umewaambia ni nani?"

"Hawasikii hata ukiwaambia."

"Usijitie hamnazo. 'Si mimi' ni adabu. 'Ni fulani' ndiyo ukweli. Wewe unatoa adabu tupu, wanakupa maua."

"Nitamwandikia mwaka mpya."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Kohei. Na tumbo lenyewe silo lako."

Kumwandikia kulikuwa rahisi, maana waliandikiana kila mwaka. Kila tarehe mosi Januari iliingia kadi kutoka Tottori, imeandikwa Adachi Mitsue, jina la ndoa, ambalo hakuna mwandishi wa gazeti angelijua hata akilitafuta kwa tochi. Maneno yalikuwa machache. *Mapeasi mwaka huu ni matamu. Binti ameingia sekondari. Nilisikia muziki redioni, hongera.* Nishiwaki aliisoma hiyo "hongera" mara kumi, kumi na tano, akitafuta sindano ndani yake. Hakuipata, na kutoipata kulimnyima usingizi kuliko ambavyo sindano ingefanya. Naye alijibu: *Ahsante. Iko siku tuonane tuzungumze.* Kadi kumi na tisa alituma, zote na siku hiyo isiyokuwa na tarehe.

Mwaka 2018 walimjia na jambo kubwa. Okestra nzima, ukumbi wa Osaka, alasiri ya Jumapili mwezi Machi, na "Kituo cha Mvua" kufunga tamasha. Fumie aliweka mwaliko mezani, akakunja mikono.

"Utamwalika. Utamkalisha mbele. Utamtaja kwa jina akiwa anasikia. Ukishindwa hilo, mimi ukumbini siingii."

"Nitamtaja," alisema, na safari hii alikusudia kweli. Aliona hata namna itakavyokuwa: Orihara anasimama kitini, anakemea kwa ulimi ule ule, watu wanacheka, na yeye Nishiwaki anapumua. Alitaka kumwandikia vizuri, si kwa haraka. Ilikuwa Oktoba. Akaona atamwandikia kwenye kadi ya Mwaka Mpya, ndiyo itakayofaa, pamoja na tikiti mbili.

Mwanzoni mwa Desemba ilikuja kadi yenye ukingo wa kijivu. Mtu wa kwao akiona rangi hiyo kabla ya Mwaka Mpya hahitaji kusoma. *Mke wangu Mitsue alituaga mwezi wa kumi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kwa kuwa tumo msibani, mtuwie radhi, hatutaleta salamu za Mwaka Mpya.* Nishiwaki alisimama mlangoni na soksi, kadi mkononi, mpaka Fumie akaja kuuliza kwa nini mlango uko wazi na baridi hii.

"Amekufa," alisema. "Nilikuwa namwandikia."

Fumie hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu.

Alimtaja jukwaani, hilo tumpe. Mwezi Machi alisimama mbele ya watu elfu mbili, akasema wazi kwamba wimbo huu si wake, umetungwa na Orihara Mitsue, ambaye ametangulia, naye anaomba radhi. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu walilia. Mshereheshaji, huku akijifuta macho, alisema, "Mnaona, mabibi na mabwana? Mtu mkubwa humpa sifa zake hata mwenzake aliyekufa." Nishiwaki alisema, "Hapana, hapana!" na mkono wake, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukapunga wenyewe mbele ya pua. Makofi yakaongezeka.

Ndipo akapanda treni kwenda Tottori.

Adachi Shigeharu alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vigumu vya kupogoa miti. Alimkaribisha, akampeleka kwenye madhabahu ya nyumbani. Nishiwaki aliwasha kijiti cha ubani, akaunganisha viganja mbele ya picha. Mitsue wa pichani alikuwa na mvi na kofia ya shambani, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Kisha wakakaa kwenye mkeka, chai katikati yao.

"Umetoka mbali, Bwana Nishiwaki. Mke wangu angeshangaa. Mtu mashuhuri kuja kwetu huku!"

"Bwana Adachi, nimekuja kusema neno moja. Wimbo ule aliutunga mkeo. Peke yake."

Adachi aliinama kwa heshima. "Ahsante sana. Ni maneno mazuri ya kumsindikiza marehemu. Binti alisoma gazetini ulivyomtaja, akalia."

"Si ya kumsindikiza. Ni kweli."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Adachi kwa upole, kama mtu anayepokea zawadi asiyoistahili. "Lakini mwenyewe alishatuambia. Binti alikuwa na miaka kumi, anacheza ule mchezo hapa hapa, akamuuliza, 'Mama, si ulifanya kazi kule? Huu si wimbo wako?' Akasema, 'Hapana, hapana. Mama alikuwa akimimina chai tu.'"

"Nanyi mkasemaje?"

"Tungesemaje? Tulimwamini."

Nishiwaki aliweka kikombe chini. Yeye amekana mara mia wala hakuaminiwa. Mwenzake alikana mara moja, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ikatosha maisha yake yote.

Adachi akatoa kaseti ya ule mchezo, plastiki imegeuka njano, pamoja na kalamu. "Samahani kwa kukusumbua. Binti ameniagiza nisikuache uondoke bila sahihi."

Nishiwaki aliandika polepole: *Orihara Mitsue.* Adachi akaisoma, macho yakamjaa maji.

"Umeandika kwa jina lake la usichanani. Ahsante. Sasa na lako hapa chini, ili wajue aliyeutunga."

"Langu halimo."

"Acha bwana, nyinyi watu wa Osaka nao..."

"Halimo, Bwana Adachi." Hakutabasamu, na mkono aliukalia. "Alikaa siku mbili kwenye kiti changu, mimi nimesimama nyuma yake. Akiinuka ni kwenda kuwamiminia chai. Nilimwambia kasi ipungue, akaniambia, 'Ipunguze basi. Nawe uwe umefanya kazi leo.' Nilimwonea wivu. Wiki ile ile akaja kwako. Miaka ishirini watu wananiuliza, nami nasema si mimi kwa namna ya kuwafanya wadhani ni mimi."

Tabasamu lilimfifia Adachi usoni kidogo kidogo. Aliitazama ile kaseti, akaigeuza, akalitazama lile jina tena, muda mrefu.

"'Nawe uwe umefanya kazi leo,'" alirudia. "Hivyo ndivyo anavyosema. Mimi pia alikuwa akinisema hivyo, shambani."

Akamgeukia Nishiwaki.

"Hii si heshima tu?"

"Si heshima."

"Basi kwa nini hukuja akiwa hai?"

Adachi hakusubiri jibu. Alikuwa anaangalia jikoni, kwenye sinki.

"Wimbo ule ukipigwa redioni, alikuwa anafunga bomba," alisema. "Anasimama pale na sahani yenye povu mkononi mpaka uishe. Miaka yote hiyo. Nami nilikuwa namwambia apunguze redio, nimechoka, nataka kusikia hali ya hewa. Anapunguza."

Nishiwaki aliteremka kwenye mto aliokalia, akaweka viganja mkekani, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Kwa desturi mwenyeji husema mara moja, tafadhali, inua kichwa. Akabaki vile, chai ikipoa, akisikia watu wakiongea barabarani. Adachi hakumwambia ainue kichwa.